Bruno Rossi: Mpanzi Ambaye Mavuno Yake Yalivunwa na Wengine

Katika kundinyota la Mshale, umbali wa miaka ya nuru kama 11,000 kutoka kwetu, yapo mabaki ya nyota kubwa iliyokufa zamani sana. Mabaki hayo ni mpira mdogo wenye upana wa kilomita 20 na kitu tu, lakini uzito wake unapita ule wa Jua letu. Mpira huo unajizungusha mara 401 kwa kila sekunde. Feni ya dari, hata ikiwashwa kwa nguvu zote, haifikishi mizunguko 10 kwa sekunde. Pembeni yake ipo nyota nyingine, ndogo na dhaifu, ambayo gesi yake inanyonywa kidogo kidogo na jirani huyo mwenye nguvu. Gesi hiyo inapoanguka hupata joto kali mno, na kutoka katika joto hilo huja eksirei, mionzi ya jamii ileile ambayo hospitalini hutumika kupiga picha za mifupa.

Nyota hiyo inaitwa SAX J1808.4-3658, na setilaiti mbili ndizo zilizotufunulia siri yake. Ya kwanza iliiona mwaka 1996. Iliitwa BeppoSAX, kwa heshima ya Mwitaliano Giuseppe Occhialini, ambaye rafiki zake walimwita Beppo. Ya pili ilihesabu mapigo ya nyota hiyo mwezi Aprili 1998, nayo ilibeba jina la Mwitaliano mwingine, Bruno Rossi. Wawili hao walikuwa vijana pamoja katika maabara moja, juu ya kilima cha Arcetri, nje kidogo ya mji wa Florence. Wote wawili walifariki mwaka 1993, wakipishana wiki chache tu, kabla setilaiti hizo hazijarushwa.

Mpendwa msomaji, makala hii inasimulia maisha ya Rossi. Hakuwa padre, wala hakuwa Mkatoliki. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Lakini maisha yake yana funzo kwa kila anayefanya kazi ambayo matunda yake yatakuja kuliwa na wengine: mwalimu, mzazi, katekista, mlezi wa seminari, na frateri anayejiandaa kwa utume asioujua bado.

Kutoka Venice hadi kilima cha Arcetri

Bruno Benedetto Rossi alizaliwa Venice tarehe 13 Aprili 1905, mtoto wa kwanza kati ya wavulana watatu. Baba yake, Rino Rossi, alikuwa mhandisi wa umeme aliyeshiriki kuuwekea mji huo umeme. Mama yake aliitwa Lina Minerbi. Bruno alifundishwa nyumbani hadi alipofika umri wa miaka 14, kisha akaingia shule ya mjini. Alianza masomo ya chuo kikuu Padua na kuyamalizia Bologna, ambako alipata shahada ya fizikia mwaka 1927.

Mwaka 1928 alipata kazi ya msaidizi katika Chuo Kikuu cha Florence. Idara ya fizikia ilikuwa Arcetri, na kila anayesoma historia ya Kanisa na sayansi analijua jina hilo. Ndiko Galileo Galilei alikoishi miaka yake ya mwisho akiwa chini ya kizuizi cha nyumbani, na ndiko alikofia mwaka 1642. Maabara ilikuwa maskini. Fedha za kununua vifaa vikubwa hazikuwapo, na majira ya baridi yaliwatesa waliofanya kazi humo. Utajiri wake ulikuwa vijana: Rossi, Occhialini na wenzao wachache waliokuwa na njaa ya kujua.

Mwaka 1929 Rossi alisoma makala ya Wajerumani wawili, Walther Bothe na Werner Kolhörster, kuhusu mionzi ya kosmiki. Hii ni mvua ya chembe ndogo mno inayoinyeshea dunia usiku na mchana kutoka anga za mbali. Hatuioni wala hatuisikii, lakini inapita hata katika miili yetu. Wakati ule hakuna aliyejua kwa hakika ni kitu gani. Rossi aliona kwamba hapo palikuwa na shamba la kulima.

Sakiti iliyosubiri mashahidi wote

Tatizo la kwanza lilikuwa kutofautisha chembe ya kweli na kelele. Mirija ya Geiger, ambayo hutoa ishara ya umeme kila inapopitiwa na chembe, ilikuwa ikilia ovyo, mara kwa sababu hii, mara kwa ile. Rossi alitengeneza sakiti kwa kutumia valvu za redio. Aliunganisha mirija kadhaa kwa namna ambayo mashine ilitoa ishara pale tu mirija yote ilipoguswa kwa wakati mmoja. Mrijia mmoja ukilia peke yake, sakiti ilinyamaza. Yote ikilia pamoja, ilimaanisha kwamba chembe moja imepita katika yote.

Ni kama baraza la wazee lisilokubali neno la shahidi mmoja. Rossi alichapisha sakiti hiyo mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 25, na maabara za nchi nyingi zikaichukua. Kanuni yake, kwamba jibu liwe ndiyo pale tu masharti yote yanapotimia, ni miongoni mwa kanuni za msingi zinazoendesha kompyuta na simu za leo.

Kwa chombo hicho Rossi alionyesha kwamba baadhi ya chembe za kosmiki zinaweza kupenya unene wa mita 1 nzima ya madini ya risasi, jambo ambalo wengi hawakulitegemea. Mwaka 1931 Enrico Fermi alimwomba atoe hotuba katika mkutano mkubwa wa wanafizikia mjini Roma. Kati ya wasikilizaji alikuwapo Robert Millikan wa Marekani, mshindi wa tuzo ya Nobel, aliyeshikilia kwamba mionzi ya kosmiki ni mwanga wa aina ya gama. Kijana yule wa miaka 26 alisimama akaonyesha, kwa vipimo, kwamba maelezo hayo hayasimami. Millikan hakufurahi. Mmarekani mwingine, Arthur Compton, alivutiwa sana, na miaka michache baadaye huyohuyo angemfungulia Rossi mlango wakati milango mingine imefungwa.

Mwaka huohuo wa 1931 Beppo Occhialini alikwenda Cambridge, Uingereza, kujifunza kwa Patrick Blackett. Alibeba ujuzi wa sakiti ya Rossi. Blackett na Occhialini waliiunganisha sakiti hiyo na kifaa cha kupiga picha njia za chembe, na kwa njia hiyo walithibitisha kuwapo kwa positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya. Blackett alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Rossi hakuipata tuzo hiyo maisha yake yote, wala Occhialini hakuipata.

Asmara, mwaka 1933

Rossi alikuwa amekadiria kwamba, kama mionzi ya kosmiki ni chembe zenye chaji, basi sumaku ya dunia itazipinda. Zikiwa na chaji chanya, nyingi zaidi zitaonekana zikitokea magharibi kuliko mashariki. Kupima jambo hili kulihitaji mahali palipo karibu na ikweta na juu milimani. Mwaka 1933 alisafiri hadi Asmara, Eritrea, nchi iliyokuwa koloni la Italia wakati ule. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari.

Vipimo vilikuja kama alivyotarajia: chembe nyingi zilitoka magharibi. Mvua ile ya angani ilikuwa kwa sehemu kubwa chembe zenye chaji chanya. Lakini kabla Rossi hajatangaza, wanasayansi wa Marekani waliopimia Mexico walikuwa wamekwisha kuchapisha jibu lilelile. Alikuwa amechelewa kwa miezi michache.

Huko Asmara aliona jambo jingine pia. Mara kwa mara, mirija iliyowekwa mbalimbali ilipigwa kwa wakati mmoja, kana kwamba manyunyu makubwa ya chembe yameshuka kwa pamoja juu ya eneo pana. Aliliandika hilo, lakini hakupata nafasi ya kulichunguza zaidi. Miaka michache baadaye Mfaransa Pierre Auger alilichunguza kwa kina, na sifa ya ugunduzi ikawa yake.

Aliyejenga nyumba na kufukuzwa

Tangu mwaka 1932 Rossi alikuwa profesa Padua, chuo alichowahi kufundisha Galileo. Alipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa taasisi mpya ya fizikia. Aliacha sehemu kubwa ya utafiti wake akawa mtu wa michoro, mafundi na bajeti. Jengo lilizinduliwa mwaka 1937. Mwaka 1938 alimwoa Nora Lombroso.

Mwaka huohuo serikali ya Mussolini ilitangaza sheria za ubaguzi wa rangi dhidi ya Wayahudi. Walimu wa Kiyahudi waliondolewa shuleni na vyuoni, na watoto wao pia. Septemba 1938 Rossi aliarifiwa kwamba hana tena kazi. Jengo alilolisimamia kwa jasho lake lilibaki Padua. Yeye alitakiwa kutoka.

Tusilipite jambo hili haraka. Italia ilikuwa nchi ya Kikatoliki. Papa Pius XI, akiwa mzee na mgonjwa, alizungumza hadharani mwaka huo kupinga chuki dhidi ya Wayahudi. Lakini ndani ya vyuo, nafasi zilizoachwa wazi na waliofukuzwa zilijazwa upesi, na wengi waliosali Jumapili hawakusema neno Jumatatu. Anayesomea upadre leo atakutana na jambo la namna hiyo kwa sura nyingine, katika kabila, chama au ukoo. Swali litakuwa lilelile: jirani anapofukuzwa kwa sababu ya alivyozaliwa, mimi ninasema nini?

Oktoba 1938 Bruno na Nora waliondoka Italia. Walipokewa Copenhagen na Niels Bohr, kisha Blackett akampatia Rossi nafasi Manchester. Mwezi Juni 1939 waliwasili Marekani kwa mwaliko wa Compton. Pale bandarini New York waliwakuta Enrico na Laura Fermi, nao waliokimbia Italia kwa sababu hiyohiyo, maana Laura alikuwa Myahudi.

Saa zinazochelewa mlimani

Mkimbizi huyo hakukaa bure. Majira hayohayo ya joto alipakia vifaa vyake katika basi na kupanda nao mlima uliokuwa ukiitwa Mount Evans, katika jimbo la Colorado. Alitaka kujua habari za chembe inayoitwa muoni. Chembe hii haidumu. Kwa wastani huishi sehemu 2 tu za milioni za sekunde kisha huvunjika. Hata ikikimbia karibu na kasi ya mwanga, katika muda huo mfupi ingepaswa kusafiri mita 600 hivi. Lakini muoni huzaliwa juu sana angani, kilomita nyingi kutoka ardhini, na bado nyingi hufika chini. Zinafikaje?

Jibu lilikuwa limefichwa katika nadharia ya Einstein: kitu kinachokwenda kasi sana, saa yake huchelewa. Rossi na wenzake walilinganisha hesabu ya muoni juu ya mlima na chini yake, na katika utafiti uliofuata, uliochapishwa mwaka 1941, ilionekana kwamba muoni zenye kasi zaidi huishi muda mrefu zaidi, kama Einstein alivyofundisha. Huo ulikuwa miongoni mwa uthibitisho wa kwanza wa moja kwa moja kwamba muda wenyewe hunyumbuka. Kwa wanaosoma falsafa ya ulimwengu seminarini, jaribio hili linastahili kufahamika vizuri, kwa kuwa linagusa swali la zamani la muda ni nini.

Mzigo wa Los Alamos

Mwaka 1943 Rossi aliitwa Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, ambako bomu la atomiki lilikuwa likitengenezwa kwa siri. Hakwenda kwa furaha. Lakini aliogopa, kama wengi waliokimbia Ulaya, kwamba Hitler angelipata bomu hilo kwanza. Huko aliendesha majaribio ya kuchunguza, kwa kutumia mionzi, namna mpira wa metali unavyobanwa na baruti kutoka pande zote. Vipimo vyake vilisaidia kutengeneza bomu la plutoni. Tarehe 16 Julai 1945, katika jaribio la kwanza jangwani, yeye ndiye aliyepima kasi ya kukua kwa mlipuko katika sehemu ndogo mno za sekunde.

Bomu la aina hiyo liliangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Lilipasuka juu ya Urakami, kiini cha Ukatoliki wa Japani, mtaa wa watu ambao mababu zao walitunza imani kwa siri kwa zaidi ya miaka 200. Kanisa kuu lao liliangamia pamoja na waamini waliokuwa ndani kwa ajili ya kitubio, wakijiandaa kwa Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria.

Rossi hakujitetea kwa maneno matamu. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotoka mwaka 1990, aliandika kwamba fahari ya kufanikiwa ilifunikwa na hisia ya hatia na hofu ya yale ambayo kazi hiyo ingeleta. Vita ilipokwisha alirudi kwenye mionzi ya kosmiki. Ujuzi wa mtu huyu mwema ulitumika kuua watu wengi. Si vyema kulificha hilo, wala kumhukumu kwa wepesi sisi ambao hatukuishi kipindi kile. Inatosha kusema kwamba akili kubwa haimwondolei mtu wajibu wa dhamiri, na kwamba dhamiri yake haikunyamaza.

Kuchungulia mahali ambapo hakuna aliyetarajia kitu

Kuanzia mwaka 1946 Rossi alikuwa profesa katika chuo cha teknolojia cha MIT, karibu na Boston. Alikusanya vijana kutoka nchi nyingi, akawapa maswali na uhuru wa kuyatafutia majibu. Zama za roketi zilipoanza, aliona nafasi mpya. Mwaka 1961 kifaa cha kundi lake kilipanda na setilaiti ya Explorer 10 na kupima upepo wa chembe unaovuma kutoka Jua.

Mawazo yake yalikuwa pia kwenye eksirei. Angahewa ya dunia huzuia eksirei zote zitokazo angani, jambo ambalo ni rehema kwetu, maana vinginevyo zingetudhuru. Ilijulikana kwamba Jua hutoa eksirei kidogo. Lakini mtu akipiga hesabu, nyota kama Jua ikiwekwa mbali kama nyota nyingine, eksirei zake zisingeonekana kwa vifaa vya wakati ule. Kwa hesabu hiyo, kutafuta eksirei za nyota kulikuwa ni kupoteza fedha.

Rossi aliijua hesabu hiyo vizuri. Lakini aliamini kwamba maumbile mara nyingi yana mambo ambayo hakuna mtu aliyeyawaza, na kwamba dirisha jipya linapopatikana ni lazima kuchungulia. Mwaka 1959 alimpa wazo hilo kijana wa Kiitaliano, Riccardo Giacconi, aliyekuwa amejiunga na kampuni ndogo ya utafiti ambayo Rossi aliongoza bodi yake. Majaribio mawili ya kwanza yalishindikana. La tatu lilifanyika tarehe 18 Juni 1962 huko New Mexico. Kwa dakika chache roketi ilikuwa juu ya angahewa, na vifaa vikaona chanzo chenye nguvu cha eksirei upande wa kundinyota la Nge. Hakikuwa Mwezi, ambao ulitajwa kuwa shabaha ya safari hiyo, wala hakikuwa sayari. Kiliitwa Sco X-1. Astronomia ya eksirei ilizaliwa usiku ule.

Mapigo kutoka pwani ya Kenya

Hatua kubwa iliyofuata ilianzia karibu na nyumbani kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga peke yake. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, na setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Giacconi ndiye aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi. Ndivyo neno letu lilivyoingia katika historia ya astronomia.

Uhuru iligundua kwamba chanzo kiitwacho Cen X-3 kinapiga kama moyo, kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba kila baada ya siku 2 hivi kinafichwa na nyota jirani. Chanzo kingine, Her X-1, kilipiga kila sekunde 1.24. Fumbo likafumbuka. Vyanzo hivi ni nyota mbili zinazozungukana. Mojawapo ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka. Uvutano wake unainyang'anya jirani gesi. Sumaku yake kali huielekeza gesi hiyo kwenye ncha mbili, ambazo hupata joto la mamilioni ya digrii na kung'aa kwa eksirei. Nyota inapojizungusha, ncha hizo hutuelekea kisha hugeuka, kama taa ya mnara wa bandarini. Hiyo ndiyo asili ya mapigo.

Mwaka 1982 likaja fumbo jingine. Darubini za redio ziligundua nyota ya nyutroni, au pulsa, inayozunguka mara 642 kwa sekunde. Kwa kawaida pulsa hupunguza mwendo kadiri inavyozeeka, na hii ilionyesha dalili za uzee. Inakuwaje mzee akimbie kuliko vijana? Wataalamu walipendekeza kwamba pulsa za namna hii zilipewa nguvu upya na nyota jirani. Kila mtoto aliyechezea pia anajua: ukiichapa kwa kamba upande mmoja, inazidi kuzunguka. Gesi inayomwagika juu ya nyota ya nyutroni hufanya kazi ya ile kamba. Baada ya mamilioni ya miaka, nyota iliyokuwa imechoka huzunguka mamia ya mara kwa sekunde. Ilikuwa nadharia nzuri, ila ilikosa shahidi. Kama ni kweli, ilibidi ipatikane nyota ambayo bado inalishwa gesi, inayotoa eksirei, na inayopiga kwa kipimo cha elfu za sekunde.

Rossi hakuishi kuiona. Alifariki nyumbani kwake Cambridge, Massachusetts, tarehe 21 Novemba 1993, akiwa na umri wa miaka 88. Occhialini alimfuata tarehe 30 Desemba. Tarehe 30 Desemba 1995 shirika la anga la Marekani lilirusha setilaiti ya kupima mabadiliko ya haraka ya eksirei, yenye uwezo wa kutofautisha sehemu za milioni za sekunde. Muda mfupi baadaye ikapewa jina la Rossi. Aprili 1996 ikafuata BeppoSAX, ambayo takwimu zake zilipokelewa duniani kupitia kituo cha Malindi.

Beppo aliiona nyota, Rossi akahesabu mapigo yake: mara 401 kwa sekunde, ikizungukwa na jirani yake kwa saa 2 hivi. Shahidi alikuwa amepatikana. Mwaka 2013 akaongezeka mwingine katika kundi la nyota liitwalo M28: pulsa iliyokuwa ikijulikana kwa mawimbi ya redio ilianza kutoa mapigo ya eksirei, mara 254 kwa sekunde, na baada ya wiki chache ikarudia redio. Wataalamu walikuwa wamekamata mabadiliko yenyewe yakitokea.

Tunachojifunza

Rossi alipata heshima nyingi, ikiwemo tuzo ya Wolf mwaka 1987, pamoja na Giacconi na Herbert Friedman. Giacconi peke yake ndiye aliyeishi kupokea Nobel kwa ajili ya astronomia ya eksirei, mwaka 2002. Wanaastronomia wa Marekani wana tuzo yenye jina la Rossi, na mwaka 2006 iliwaendea Deepto Chakrabarty, Tod Strohmayer na Rudy Wijnands, waliofumbua siri ya nyota hizi za mapigo ya haraka. Chakrabarty ni wa MIT, chuo kilekile alichokifundishia mzee.

Tukiyatazama maisha haya yote, tunaona jambo moja likijirudia. Alitengeneza sakiti, wengine wakapata tuzo kwa kuitumia. Aliona manyunyu ya chembe, mwingine akapewa sifa. Alijenga taasisi, akafukuzwa. Alitoa wazo la eksirei, kijana aliyempa akalikuza hadi likamfikisha kileleni. Hata hivyo hakuacha kupanda. Injili inatukumbusha kwamba mpanzi na mvunaji si lazima wawe mtu mmoja, na kwamba wote wawili wataifurahia siku moja. Padre atakayebatiza mtoto leo huenda asimwone akifunga ndoa. Katekista wa kigango hatajua ni nani kati ya wanafunzi wake atakayeshika imani siku ya majaribu. Kazi yao haipungui thamani kwa sababu hiyo.

Majivu ya Bruno Rossi yamepumzishwa katika makaburi ya kanisa la San Miniato al Monte, penye monasteri ya Wabenedikto, juu ya mji wa Florence. Kutoka hapo kilima cha Arcetri kinaonekana. Nchi iliyomfukuza ilimpokea tena, na Myahudi yule analala jirani na wamonaki wanaosali zaburi za taifa lake kila siku. Mwenyezi Mungu, aliyeziumba nyota na kuzijua zote kwa majina, ampe pumziko la milele, na atujalie nasi moyo wa kupanda bila kudai kuvuna.